Kikosi Changu cha Zimamoto

Jumatatu, 29 Juni
Delbert kaninyima tena! Shemeji yangu huyu, mkuu wa zimamoto wa kujitolea hapa mjini, kasema sitashiriki vita vya pipa, yale mashindano ya vikosi kusukumiana pipa kwa maji, Sikukuu ya Uhuru. Eti mchezo ni wa wazimamoto, na mimi ni fundi wa friji anayesinzia mazoezini. Nilisinzia mara moja! Tena kayasema mezani, mbele ya Lorna, mke wangu. Lakini mzimamoto ni nani hasa? Nani aliamua?

Jumanne, 30 Juni
Sheria ya jimbo ndiyo iliyoamua! Nimeisoma maktaba mpaka wakafunga milango. Mzimamoto ni mwanachama wa kikosi. Na kikosi je? Watu wawili au zaidi, vifaa vya kuzimia moto, na eneo la kulinda lililoandikishwa kaunti. Basi! Kuhusu kusinzia, hakuna hata neno.

Alhamisi, 2 Julai
Tumeandikishwa! Kikosi ni mimi na jirani, Bi Ilse, mwenye miaka themanini na mpira wa kumwagilia bustani. Eneo letu: mtaa wetu. Karani kaniuliza kama nina akili timamu. Nikamwambia anionyeshe sheria inayodai hivyo. Lorna kasema nitajuta. Tutaona!

Jumamosi, 4 Julai
Nanuka moshi. Pipa lilining'inia kwenye waya, kila kikosi kikilisukuma kwa maji kuelekea kwa mwenzake. Tulishindwa kabla Bi Ilse hajafungua maji. Mara king'ora! Moto. Kwangu! Soseji nilizozisahau kwenye jiko la uani, kando ya kibanda. Nikamlilia Delbert awahi. Akanipigia saluti, akasema hilo ni eneo langu, mkuu, haingii mpaka niombe msaada rasmi. Nikaomba. Akasema hajasikia. Nikaomba tena, kwenye kipaza sauti cha mashindano, mji mzima ukisikia. Aibu iliyoje! Nyumba imepona. Kibanda cha uani majivu, na zana zangu zote za kazi ndani yake.

Jumapili, 5 Julai
Delbert kaleta mbao za kibanda kipya. Kasema nije mazoezini Jumanne. Nikikaa macho, atanipokea. Nimemwambia nina shughuli. Nilikuwa na nakala yangu ya sheria mkononi. Hivi jengo ni nini? Nimetafuta. Ni kile chenye msingi! Kibanda changu hakikuwa na msingi. Kwa hiyo kikosi changu hakijawahi kupoteza jengo hata moja. Bi Ilse ameshaanza kutudarizia fulana zenye maneno hayo.