Mukono wa Godefroid mu Bukari

Kazi moja ya juma, tarehe 10 mwezi wa tatu 2025

Shule sikuiona hata mulango. Herufi bamama ba paroisse, ba kanisa yetu, balinifundisha nikiwa na mvi. Nazitumia!

Vita imekata barabara ya Kivu. Mali ya patron Kambale, tajiri yetu, inabakia huko kwao Butembo. Sasa, toka depo yake ya hapa, anatuma kamio, lori yake, Lukafu kutafuta mahindi. Mara mbili bezi balingojea kamio mu njia, bakaiba yote. Balijua siku, balijua saa. Mara ya pili balivunja dreva mukono. Posho, tarehe 15, ni zamu ya Paluku kuendesha, mutoto wa patron mwenyewe. Muntu wa mu depo anatoa siri.

Namujua! Godefroid, karani. Mimi ndiye napikia depo, na ule bwana alisema bukari yangu, ugali ya mahindi, iko na mabonge. Mwenye kusema vile anaweza kuuza hata mama yake.

Kazi mbili, tarehe 11

Patron amepa mujukuu wangu Lydie kazi ya kukamata ule muntu mbele Posho ifike. Lydie anajua ordinatere, ile kompyuta. Nilikaa pembeni yake mu stoo, na matembele yangu, nikamuuliza anakamata namna gani bila fimbo. Akasema ordinatere haifanyi kitu kimya. Programu ikifunguka, inatangaza. Karatasi ikisomwa, inatangaza. Kitu ikitoka inje, inatangaza. Ila hakuna mwenye kutega sikio. Yeye anaandika ka-programu ka kutega sikio.

Ajabu! Miaka yote nilizani ile kitu iko bubu.

Akasema shurti achague matangazo ya kusikia. Kuchagua? Nikamuambia asikie yote! Godefroid asipate hata tundu. Akakataa. Nikanuna. Akakubali.

Kazi tatu, tarehe 12

Hasara! Mashini imekwama. Ka-programu kakiandika yenye kamesikia, mashini inatangaza kama kameandika. Kanasikia ile, kanaandika tena. Inatangaza tena. Sawa mama Léonie ku maombi, anatoa ushuhuda juu ya ushuhuda wake! Matangazo ikajaa, ingine ikamwagika bila kusikiwa. Lydie akasema pengine ile yenye kumwagika ndiyo tunatafuta. Akasema tena, kwa heshima yote, Kambo, ndiyo mimi bibi yake, asogee.

Sikusogea. Nilicheka mpaka matembele ikaungua. Godefroid akasema leo angalau iko na ladha. Mushenzi.

Kazi ine, tarehe 13

Lydie amechagua. Programu yenye kufunguka, kitu yenye kutoka inje, basi. Na ka-programu kasijisikie kenyewe.

Kisha chakula akaniita. Saa sita, mu ordinatere ya Godefroid, kitu ilifunguka, ikatuma inje karatasi ya safari ya kamio. Nikapiga vigelegele! Nikakimbilia patron. Patron akaja, akiwa anavua mukaba.

Godefroid akainua mikono. Akasema saa sita alikuwa anakula. Kambo mwenyewe anajua. Bote bakaniangalia.

Ni kweli. Mukono wake ulikuwa mu bukari yangu mpaka ku kifundo. Ningesema sikumuona. Neno moja tu! Lakini Paluku angepanda kamio, na mwizi wa kweli angebakia anacheka. Paluku nilimubeba ku mugongo akiwa mudogo. Nikasema alikula. Tena alikula sana, nilimuona na macho yangu ku dirisha.

Nilijisikia muntu mukubwa.

Kazi tano, tarehe 14

Lydie hakulala. Asubui akaniuliza, pole pole, dirisha gani. Sababu ku jikoni muntu haoni meza ya kulia. Inaonekana ku dirisha moja tu, ya biro, ofisi ya Godefroid.

Nikaangalia juu.

Basi. Godefroid akianza kula, naingia kufagia biro yake. Mu ordinatere nachomeka ka-flashi kangu ka nyimbo ya kwaya, nafagia nikiimba. Ni kadogo sawa kidole. Kijana mumoja wa njia ya soko alinipa bure. Aliuliza napikia nani, akasifu bukari yangu bila kuionja. Programu ya bezi ilikuwa inalala mu ka-flashi, pembeni ya Aleluya!

Nilitega Godefroid, nikajishika mwenyewe. Patron alikaa ku gunia, akashika kichwa, akacheka mpaka machozi. Kisha akabadilisha njia ya Paluku, na saa.

Posho, tarehe 15

Paluku amefika Lukafu muzima! Amepiga simu. Nimelia mu unga. Lydie amepata kazi ya kubakia. Godefroid ameomba bukari ya pili, akasema mabonge bado. Nikamupa bonge kubwa kuliko yote.

Nimesikia fundisho. Sitapokea tena flashi ya kijana wa soko, hapana!

Leo ku misa ya magaribi mama mumoja, si kijana, wa heshima, amenipa ingine. Bure! Kwaya nzima iko ndani. Mama wa upendo, ameuliza hata kamio ya patron inarudi lini. Nimeificha mu unga. Kazi moja yenye kuja, Godefroid akiingiza mukono mu bukari, nitaichomeka. Si mu ordinatere yake, mimi si mujinga. Mu ile ya Lydie. Ile ndiyo inalindwa.