Besi Safi kwa Matanga Yangu

Jumatatu, tarehe 1 mwezi wa sita

Padri Bienvenu amechoka kuja kuniungamisha. Anasema nasinzia kila mara katikati ya dhambi ya pili. Ameamuru niziandike kila siku, naye atazisoma zote kwa pamoja. Vema. Moyo wangu, kwa maneno ya daktari, ni wa kufunga duka. Basi tuungame.

Dhambi ya kwanza: Dieudonné. (Padri, najua dhambi lazima iwe yangu. Ngoja kidogo.)

Dieudonné ni jirani yangu, mstaafu wa forodha, mtu wa kucheka kabla hujamaliza kusema. Ndiye hupiga gitaa la besi kwenye matanga yote ya mtaa huu. Kikuza sauti chake kinakoroma kama mlevi aliyelala chali. Marehemu hana njia ya kukataa. Mimi bado ninayo, kwa muda mfupi. Nimeapa: besi ile haitakoroma juu ya jeneza langu. Nitatengeneza yangu, ya elektroniki, safi, kwa kompyuta ambayo binti yangu Joyeuse alininunulia nisikilize Misa.

Mama Léocadie, mkuu wa shirika letu la parokia, amekubali kuusikiliza wimbo wangu Jumapili, mbele ya watu wote. Ukipendeza, utapigwa siku ya matanga yangu. Usipopendeza, Dieudonné! Nimesahihisha mitihani ya fizikia maisha yangu yote. Sikujua kuketi upande wa pili kunauma hivi.

Jumanne, tarehe 2

Ndani ya kompyuta kuna sentetiza: kinanda cha kuchorwa kwenye kioo, na vitufe vingi vya kuzungusha. Vijana wa kwenye video hurundika mawimbi matatu, kisha wanashangaa besi imekuwa uji. Mimi nimechagua wimbi moja. Sinus. Laini, halina mkwaruzo. Nililichora ubaoni miaka na miaka, wanafunzi wakipiga miayo. Sasa watajuta.

Nimefuta mwangwi. Nimezuia noti isikanyage mkia wa mwenzake. Ngoma ikipiga, besi yangu inajishusha kidogo na kuipisha, kama mtu mwenye adabu mlangoni. Dieudonné hajampisha mtu mlangoni tangu abatizwe.

Tatizo dogo. Kitufe cha mwanzo wa noti kinaitwa "attaque", yaani shambulio, na yangu ilikuwa kali mno. Nikajisemesha kwa sauti: attaque inakuja mbio sana! Attaque! Joyeuse akaingia na begi la vyeti begani, viatu mkononi, akauliza waasi wamefika wapi. Nilipomweleza, aliketi chini akashika kifua. Alisema kuna maneno ambayo muzee wa Goma hapigi nayo kelele, hata yawe ya muziki. Kana kwamba mimi ndiye niliyelitunga.

Alhamisi, tarehe 4

Nimemaliza! Kazi ya utukufu. Nikampigia Joyeuse wimbo kwenye spika ndogo za kompyuta. Akasikiliza kwa heshima. Kisha akauliza naanza saa ngapi.

Nikamjibu kwamba umeshakwisha. Akanigusa paji la uso.

"Papa, mi nasikia ngoma tu. Besi iko wapi?"

Nikashusha noti zaidi, maana besi ni chini. Nikapandisha sauti mpaka mwisho. Bado. Kwenye simu yake, bado. Kijana mmoja wa video anadai spika ndogo haziwezi kutoa wimbi safi la chini. Ati liongezewe uchafu kidogo ndipo lisikike. Uchafu! Nikamfunga mdomo kwa kidole kimoja.

Besi haina shida. Spika ndizo zenye shida. Nahitaji bafle, yaani spika kubwa ya muziki. Na katika mtaa huu bafle kubwa ni la kwaya. Na analitunza nani? Naam.

Ijumaa, tarehe 5

Hii sasa ni dhambi halisi, Padri, keti vizuri. Nimemtuma Joyeuse amwambie Dieudonné kwamba niko kwenye pumzi za mwisho na natamani kusikia nyimbo za kwaya kwa sauti ya kutosha. Joyeuse alikataa kusema uongo. Nikamkumbusha maneno ya daktari: si uongo, ni ukweli uliowahi kufika.

Chai yangu haijapoa, Dieudonné huyo. Bafle juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, akiisukuma mwenyewe juu ya mawe ya lava, na umri ule. Akalia. Akanishika mkono.

"Professeur, unatuacha na nani?"

Nikakohoa vizuri. Akaliweka bafle kando ya kitanda, akaahidi kurudi kesho na gitaa anipigie hapa hapa. Nilikaribia kufa kweli.

Jumamosi, tarehe 6

Asubuhi. Dieudonné uani, anakaza nyuzi. Joyeuse amekwenda soko la Kituku kununua sambaza, dagaa wa ziwani. Umeme upo! Nikachomeka waya. Nikazima ngoma ili besi isikike peke yake. Sauti ilikuwa pale nilipoiacha Alhamisi: mwisho. Noti pia: chini ya chini.

Sikusikia kitu. Kitanda ndicho kilichosikia. Vikombe vilitembea mezani, kimoja kimoja, vikajitupa. Mabati yakatetemeka nyumba nzima. Ndipo nje nikasikia Mama Léocadie:

"Volcan! Volcan inatoka! Mukimbie!"

Nilifungua mdomo niseme. Lakini Dieudonné alikuwa ameshaniinua kama gunia la mkaa na kunilaza kwenye chukudu. Gitaa lake aliliacha uani. Mtaa mzima ulikuwa barabarani: magodoro vichwani, mbuzi, sufuria ya maharage ikitoa mvuke. Na nyuma yetu ardhi ilinguruma safi kabisa, noti haikanyagi noti. Haijawahi kutokea watu wakausikiliza muziki wangu kwa makini kiasi kile. Nikanyamaza. Hiyo ndiyo dhambi, Padri. Nilinyamaza kwa furaha.

"Muzee, usinikufie apa!" Dieudonné alihema, akisukuma. "Ngojea kwanza tufike ku rond-point!"

Hatukufika kwenye mzunguko huo wa barabara. Tulikutana na Joyeuse na kikapu chake cha samaki. Akautazama mlima: umetulia, na moshi wake wa kila siku. Akanitazama mimi. Akaelekea nyumbani taratibu. Baada ya muda mfupi volkano ilizimika.

Mama Léocadie, godoro bado kichwani, aliniuliza kama mimi ni mutu muzima ao mutoto. Na Dieudonné? Alikuwa ameketi juu ya jiwe, anacheka, anafuta machozi.

Jumapili, tarehe 7

Siku ya hukumu. Shirika lote limefika, wengi na shingo zinazouma. Nikaupiga wimbo kwa sauti ya kiungwana. Hawakusikia besi. Mama Léocadie akasafisha koo atamke uamuzi.

Dieudonné akasimama. Akasema besi ya Professeur ni nzuri, ina haya tu. Akachomoa waya wangu, akauchomeka kwenye kikuza sauti chake, kile kinachokoroma. Besi yangu ikatoka na mchanga mdomoni. Ikasikika! Hata kwenye simu ya Joyeuse, alipoirekodi na kuipiga tena. Mama Léocadie akaanza kutikisa mabega. Wakapiga makofi.

Uamuzi: siku yangu itapigwa besi yangu, ndani ya kikuza sauti cha Dieudonné, naye akisindikiza kwa gitaa. Yaani nilimkimbia Dieudonné mmoja, nimepewa wawili.

Padri Bienvenu aliposoma kurasa hizi alikohoa sana, uso ndani ya leso. Kisha akanipa malipizi: nimshukuru mtu aliyeacha gitaa akabeba mifupa yangu.

Jumatatu, tarehe 8

Nimemshukuru. Kwa sauti safi, ya chini kabisa. Amesema hakusikia. Masikio yake hayo.

Joyeuse anashangaa nimemaliza sahani ya sambaza na kuomba nyingine. Nina sababu ya kuishi: nimeanza besi mpya, ya matanga ya Dieudonné. Wimbi moja, sinus, bila punje ya mchanga. Sauti mwisho. Noti pale pale pa Jumamosi. Mtaa wote utakimbia na magodoro, na kando ya jeneza nitabaki mimi peke yangu, maana mimi peke yangu nitajua si volkano. Hapo ndipo nitamshukuru vizuri, bila mtu wa kunikatiza.

Linalotakiwa ni jambo moja tu: atangulie yeye. Padri, niombee.