Ngozi Mbili za Mbuzi

Jumatatu, 12 Agosti 2024. Ulyankulu.
Balaa! Panya wameitoboa ngoma ya marehemu baba. Na Alhamisi ni sikukuu ya Bikira Maria, inatakiwa kanisani! Shangazi Vestina kasema isipolia vizuri siku hiyo, anampa binamu yangu Gervasi. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Na huyo kashaanza kuvuta. Baba hakuniachia kitu kingine. Nimelia kidogo, nikala mihogo.

Jumanne, 13 Agosti
Gervasi kaja kujidai. Ati nitafute ngozi moja nzito ya ng'ombe, niiloweke, niivute sawasawa pande zote. Nani ana subira hiyo! Mimi ninazo mbili za mbuzi, nyembamba. Nyembamba mbili si ndiyo nzito moja? Nimezibandika kingoni kwa gundi ya fundi viatu, nikawamba, nikaanika juani. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Jumatano, 14 Agosti
Ya juu imekauka, imejikaza. Ya chini bado mbichi, imelegea. Hewa imenaswa katikati, pameumuka kama andazi. Nikipiga, pwa! Shangazi kauliza nani kaanguka.
Nimepata dawa: sindano. Tundu moja dogo, hewa ikatoka. Nani ataliona?

Alhamisi, 15 Agosti
Aibu! Pigo la kwanza, safi. La pili, nikamwona Shangazi anafuta machozi, anamkumbuka kaka yake. Nikapandwa na mori, nikapiga kwa nguvu zote. Ngozi ya juu ikachanika toka kwenye tundu la sindano hadi ukingoni. Ya chini ikafanya makunyanzi. Kwaya ikapoteza mdundo. Shangazi hakunigombeza. Alisema tu ngoma ikilia sana haikawii kupasuka, akambebesha Gervasi. Nimerudi nyumbani, ile kona ya ngoma i tupu. Inaniuma, jamani.

Ijumaa, 16 Agosti
Tangu alfajiri Gervasi yuko uani kwake na ngozi ya ng'ombe. Kaniita nimshikie upande mmoja, nijifunze. Ati hata yeye alifundishwa na baba yangu, na siku zile baba aliniita mimi kwanza, nikasema nina shughuli.
Nimemjibu nina shughuli.
Kwani kosa nimeshaliona: ngozi mbili zilikuwa chache. Kesho naenda Urambo kutafuta ya tatu. Na gundi. Na sindano nene zaidi.