Gari la Mahari na Kipimo cha Moshi

Mikdad alilisikia gari kabla ya kuliona. Alikuwa ameketi kijiweni Msata, kwenye njia panda ya kwenda Bagamoyo, anakunywa kahawa ya kukopa, pale mlipuko ulipotokea upande wa Chalinze. Ukafuata wa pili, na muuza mahindi akajitupa nyuma ya jiko lake. Wengine walidhani ni tairi la lori. Mikdad alitabasamu. Ekzosi inayopiga mizinga namna ile ilikuwa na maana moja tu: kuna mtu kanunua gari la ng'ambo lililochezewa injini, na sasa hajui aende nalo wapi.

Hapa inafaa tumtambulishe Mikdad kwa heshima zake zote. Mwenyewe alijiita mshauri wa vyombo vya moto. Watu wa Bagamoyo walimwita kishoka, yaani yule anayekaa nje ya ofisi akikuuzia huduma inayotolewa ndani. Mhuri hakuwa nao, na hata leseni yake ya udereva ilikuwa imeisha muda. Alichokuwa nacho ni shati lililonyooshwa vizuri, simu mbili ambazo moja haikuwaka, na maneno matatu yaliyomlisha miaka mingi: "Nina mtu ndani."

Huyo mtu wa ndani, tukisema kweli, alikuwa mlinzi wa geti la kituo cha ukaguzi, ambaye siku moja alimjibu salamu.

Gari likasimama mbele ya kijiwe. Lilikuwa jekundu, limeshushwa hadi tumbo linakaribia kukwaruza lami, na mdomo wa ekzosi ungetosha kupikia wali wa watu wanne. Akashuka mzee mfupi mwenye baraghashia iliyopauka, mikono imejaa mikwaruzo ya miiba ya mananasi.

"Shikamoo, mzee wangu," Mikdad akasema, keshasimama.

"Marahaba, baba. Naitwa Rehani, natokea Kiwangwa. Mimi mkulima tu. Nasikia hapa kuna kijana anayejua mambo ya kusajili magari."

Mtu mwenye akili timamu angejiuliza mzee huyu kasikia wapi. Mikdad alijiuliza tu mzee ana kiasi gani.

Rehani akaeleza shida yake. Gari aliliona kwenye simu, bei ikampendeza kupita kiasi, akalinunua bila kuuliza. Ushuru kalipa wote. Lakini kwenye ukaguzi wamelikataa: injini imechezewa, moshi mchafu. Bila cheti cha ukaguzi halipewi namba, na bila namba ni bati la kufugia kuku.

"Moshi si tatizo," Mikdad akamtuliza. "Nina mtu ndani. Ila gari kama hili lina hasira, mzee wangu. Niachie nikae nalo Bagamoyo lipumzike kidogo, hewa ya bahari ilisafishe mapafu."

"Kumbe magari nayo yana mapafu?"

"Na figo."

Mzee akatikisa kichwa kwa mshangao, akatoa bunda la noti kwenye kanzu, akamkabidhi pamoja na ufunguo. Mikdad aliona huruma, nayo ikapita haraka kama kiungulia. Gari alilipitisha Ijumaa saa ya swala, wakati ambapo barabara haina askari, maana mcha Mungu yuko msikitini na asiye mcha Mungu amejificha asijulikane kwamba hayuko huko.

Sasa, msomaji asimwone Mikdad kuwa ni tamaa tupu. Alikuwa anapenda. Alimpenda Yasmini, fundi cherehani wa Kaole, hadi usingizi ukawa shida, na Yasmini alimpenda yeye, jambo ambalo hata Mikdad aliliona kuwa ni kosa la hesabu. Kikwazo kilikuwa mama, Bi Mwanahija. "Simwozi mwanangu mtu ambaye kazi yake haina jina," alikuwa amesema. Na sasa Yunus mwenye duka la dawa alikuwa ameleta posa, duka lina kiyoyozi, na jibu lilikuwa litolewe kabla ya Ramadhani.

Kwa hiyo Mikdad alihitaji hela upesi, na alijua pa kuipata. Ndani ya ekzosi ya gari mna kichujio cha kusafisha moshi, chenye vitundu vingi, mafundi wanakiita masega. Masega yana madini ndani yake na yana wanunuzi wasiouliza maswali. Mikdad alikuwa keshayatoa kwenye magari ya wateja wengi, akiwaambia kuwa yameisha muda. Akalipeleka gari gereji kwa Ishaka, rafiki yake, wakalipandisha, wakafungua bomba, wakachungulia.

"Tupu," Ishaka akasema.

"Tupu vipi?"

"Tupu kama kichwa chako. Waliolibadilisha huko ng'ambo walishayala. Ndiyo maana linapiga mizinga."

Mikdad aliumia sana. Aliona dunia imeharibika, watu hawana uaminifu tena.

Lakini akili yake haikuwahi kulala na njaa. Kaole, mtu akipata gari, haliendeshwi hivi hivi. Huitwa sheikh, ubani ukafukizwa, ikasomwa dua mbele ya majirani, na tangu hapo gari ni la fulani, mtaa mzima ni shahidi. Mikdad akatumia noti za mzee Rehani kununua mchele, akalipaka gari nta, akaliegesha nje ya nyumba ya kina Yasmini na kumwita Sheikh Mwinshehe. Hata kile kiyoyozi cha Yunus, alijiambia, hakina magurudumu.

Watu walijaa. Bi Mwanahija alisimama mlangoni, mikono kaifunga kifuani. Sheikh akaweka kiganja juu ya boneti.

"Gari la nani, tumwombee kwa jina lake?"

Mikdad akamtazama mama mkwe. "La kwangu, sheikhe. Kwa jasho langu."

"Kweli kabisa," ikasema sauti kutoka nyuma.

Mikdad aligeuka. Mzee Rehani alikuwa anapenya kati ya watu, kapakata mananasi mawili. Mikdad alimkonyeza, akamkoholea, akamwomba kwa macho yote aliyopewa na Mungu. Mzee akampa mtu mananasi na kutoa salamu kwa wote.

"Gari hili lilikuwa langu," akasema. "Kijana huyu amelihangaikia mno, anasema hata figo zake anazijua. Basi leo, mbele yenu, nimempa. Bure, kwa ajili ya Mungu. Matengenezo, ukaguzi na usajili, vyote sasa viko juu yake. Mwanangu, umepokea?"

Wanawake wakapiga vigelegele. Mtu mmoja alifuta machozi kwa shati la jirani. Mikdad alilijua gari lile vizuri: kulirudisha kwenye hali ya kupita ukaguzi kungekula kila alichonacho na vingi asivyokuwa navyo. Kukataa zawadi mbele ya Bi Mwanahija kungemaanisha kueleza lile jasho lilitoka wapi.

"Nimepokea," akasema, kama aliyemeza mwiba wa samaki.

"Alhamdulillahi. Na ile amana yangu, unirudishie hapa hapa mbele ya mashahidi, isije ikatuletea maneno kesho akhera."

Noti nyingi zilikuwa zimekwisha kuwa pilau, na watu walikuwa wanasubiri kula. Pengo lililobaki Mikdad alimkopa sheikh.

Kesho yake Yasmini alimwita kibarazani, tepu ya kupimia ikiwa bado inaning'inia shingoni.

"Mama amelegea," akasema. "Na mahari ni haki yangu kuitaja. Nataka lile gari. Likiwa na namba, na kadi ina jina langu. Kabla ya Ramadhani, la sivyo atapokea posa ya Yunus."

"Yasmini, mpenzi, lile gari..."

"Si una mtu ndani?"

Mikdad akaenda kituo cha ukaguzi. Mlinzi wa geti siku hiyo hakumjibu hata salamu. Ndani alikutana na mkaguzi, dada mmoja aitwaye Hajra, ambaye alitazama lile gari, kisha akamtazama dereva wake kwa furaha isiyofichika.

"Kumbe ndiye wewe mwenye mtu ndani? Tutajie basi, na sisi tumjue."

Akaingiza mpira wa mashine kwenye ekzosi, Mikdad akakanyaga mafuta, gari likapiga mzinga, na bundi aliyelala darini akahama mchana kweupe. Moshi ulifeli. Kelele zilifeli. Hajra akamwelekeza ukutani, ambako masharti yote yalikuwa yamebandikwa kwa herufi kubwa: bomba la kawaida, masega yafanye kazi, springi za urefu wake, kompyuta ya injini irudishwe kama ilivyotoka kiwandani. Mikdad aliyasoma yote kwa mara ya kwanza maishani. Miaka yote alikuwa akiyaegemea kwa mgongo.

Akauza ile simu iliyowaka. Ishaka alikubali kurudisha injini na springi kwa sharti moja, kwamba Mikdad afanye kazi gereji kufidia, na tangu siku hiyo mshauri wa vyombo vya moto akawa analala chini ya vyombo hivyo, shati lake jeupe likigeuka tambara la kufutia grisi. Masega aliyafuata kwa Ibrahimu, yule mnunuzi wake wa zamani. Ibrahimu akaleta kipande kimoja, akataja bei, na Mikdad akakaa chini.

"Mbona hivyo? Mbona juu hivyo?"

"Ndiyo bei ya kuuzia. Wewe unaijua ile ya kununulia. Hiki chenyewe uliniletea wewe."

Walipolirudisha kwa Hajra, gari lilikuwa limenyanyuka kutoka chini, limenyamaza, lina adabu ya gari la mwalimu. Mashine ilinusa, ikafikiri. Mikdad alisimama na grisi shingoni, anaomba dua zile anazozikumbuka na vipande vya zile alizosahau.

"Limepita," Hajra akasema.

Mikdad akalia. Alilia waziwazi, mbele ya mlinzi, na hakuona haya. Hakuna kitu alichowahi kukipata kwa njia iliyonyooka, na hakujua kwamba huwa kinauma na kufurahisha kiasi kile. Kadi ilipotoka, yenye jina la Yasmini, aliibusu hadi karani akaikagua tena.

Nikaha ikapangwa nyumbani Kaole, siku chache kabla ya mwezi kuandama. Mikdad alikaa mkekani, kanzu ya kuazima, kucha bado nyeusi. Sheikh Mwinshehe akataja mahari, mahari ikaonekana imesimama nje na namba zake mpya. Baba mdogo wa Yasmini, aliyekuwa walii, akainua mkono.

"Bado desturi moja. Kilemba cha mjomba. Mjomba mtu hajapewa chake, na bila ridhaa yake mambo hayaendi."

"Yuko wapi mjomba?" Mikdad akauliza, tayari kwa heshima zote.

Mzee Rehani akanyanyuka kutoka nyuma ya mlango, akaja kukaa mbele yake. Kutoka uani, Bi Mwanahija alisikika akicheka kwa mara ya kwanza tangu Mikdad amjue.

Mikdad alikuwa mtu wa fani, na kazi nzuri aliitambua hata ilipofanywa juu yake mwenyewe. Gari lilikuwa limetoka kwa mjomba likaenda kwa mpwa, halikuvuka hata uchochoro wa ukoo ule, na katikati, kwa gharama zote, alikuwa amepitishwa yeye.

"Mlijua tangu lini?" akanong'ona.

"Tangu Msata. Nilikungoja pale asubuhi nzima, nilikuwa nazunguka mpaka mafuta yanataka kuisha. Mwenzangu, wewe huchelewa kazini."

"Na Yunus?"

"Yunus mtu mzuri. Lakini Yasmini alikutaka wewe, na mama yake hakukutaka. Mimi nina gari lisilopita. Tukaona wewe na gari mpimwe safari moja."

Mikdad akalitafakari hilo. "Na kama ningeshindwa, mzee?"

"Ungebaki na gari."

Mikdad akaingiza mkono mfukoni, akatoa hela yote iliyokuwa imebaki, akaiweka kwenye kiganja cha mjomba bila kuomba kupunguziwa. Alikuwa ameingizwa mjini na mtu wa Kiwangwa, mbele ya Kaole nzima, na furaha aliyokuwa nayo ilimshinda kuificha. Sheikh akakohoa, akawaomba watu wanyamaze, akaanza hutuba.