Pima Ishirini na Tano

Jumatatu, 1 Juni 1992. Ikwiriri.

Nimeshtuka kabla hata ya chai. Bwana Abdulkarimu, yule tajiri wa Dar es Salaam aliyenunua shamba la bondeni karibu na mto, kanisimamisha barabarani. Mimi! Kashusha kioo cha gari, kaniuliza kama kweli mimi ndiye mwalimu wa hesabu. Nikakiri. Akasema siku hizi kila kitu ruksa, naye anajenga gesti ya kisasa yenye bwawa la kuogelea. Si bwawa la kuchezea. La mashindano! Klabu za Dar zitakuja na basi zima. Anataka mchoro, tena uwe wazi, maana msimamizi wa uchimbaji ni Mzee Mshamu, mchimba visima, na Mzee Mshamu hana muda wa kusoma gazeti. Mchoro utakaopita, mchoraji wake ndiye meneja wa bwawa.

Meneja! Nimekubali kabla kioo hakijapanda. Sikumwambia kwamba kwetu ni Manyoni, ambako maji mengi kuliko yote niliyowahi kuyaona pamoja yalikuwa kwenye pipa.

Moja kwa moja zahanati kwa Elieth. Ni nesi pale. Nimemposa tangu Pasaka, jibu sijapata. Hakuruka kwa furaha. Kanikumbusha kuku. Kanikumbusha cherehani. Kanikumbusha mashine ya kukamua ufuta, ambayo mpaka leo haina mpini. Kisha akasema: "Mwalimu, maliza kitu kimoja tu. Siku hiyo nitakujibu."

Haya. Kitu chenyewe ni bwawa.

Jumatano, 3 Juni.

Nimepata kitabu cha michezo stoo ya shule. Panya wamekula mpira wa kikapu wote, kuogelea kumesalimika. Nimesoma nimeduwaa. Urefu mita ishirini na tano kamili. Njia sita, kila moja mita mbili na nusu, zimetengwa kwa kamba zenye maboya. Chini ya kila njia mstari mweusi, ili mwogeleaji asipotee. Mtu mzima anapotea kwenye mita ishirini na tano? Na kuna wanaoogelea chali! Hawaoni waendako! Ndiyo maana juu yao hutungikwa vibendera mita tano kabla ya ukuta, wasije wakapasua vichwa. Nimefunga kitabu nikapumzika kidogo.

Halafu nikachora vyote kwenye karatasi ya manila. Njia, namba, maboya, vigoda vya kurukia, vibendera, mishale, na maelezo kila pembe. Njia ya tatu nimeikoleza, ndiyo anayopewa bingwa.

Jumamosi, 6 Juni.

Hujuma! Abdulatifu, mchora mabango wa sokoni, naye anachora bwawa! Kaweka maji ya buluu, mnazi, na mwanamke aliyevaa kidogo sana. Watu wamejaa mlangoni kwake, wengine wametoka msikitini moja kwa moja. Nilipomwonyesha wangu ili akate tamaa, akasema unafanana na chandarua kilichoangukia kabati. Akaniuliza Mzee Mshamu anatakiwa achimbe au asome.

Nimeudhika mpaka njaa ikaisha. Lakini hoja nimeichukua. Bwana Abdulkarimu alisema mchoro uwe wazi, basi nikashika ufutio. Mishale, futa. Maelezo, futa. Pale nilipoandika "pima mita 25" nikaona neno mita linajaza nafasi bure. Nani asiyejua mita? Futa! Sasa mchoro unang'aa. Urefu: PIMA 25. Upana: PIMA 15. Kina: PIMA 2.

Mwanasiti, mama mwenye nyumba wangu, kapita na beseni, katazama. Kauliza kama ni pima kweli. Nikamwambia pima kweli kweli. Akasema haya, bahari hiyo. Mwanamke hajasoma lakini anajua kazi nzuri akiiona.

Alhamisi, 11 Juni.

Nimeshinda! Mchoro wa Abdulatifu utatundikwa mapokezi. Wangu utachimbwa.

Mzee Mshamu kaupokea kwa mikono miwili. Kauliza, pima zote hizi, mwanangu? Nikajibu zote, na asipunguze hata moja. Akanyoosha mikono kulia na kushoto, akakaa hivyo kitambo, akinitazama. Nadhani mgongo unamsumbua. Katapila linaanza Jumatatu.

Elieth kapewa habari. Kasema tutaona.

Jumanne, 23 Juni.

Nimerudi leo kutoka Kibiti, semina ya walimu, siku kumi. Nikapitia shambani.

Yesu na Maria!

Shimo! Nilisimama ukingo wa huku, mtu akanisalimu kutoka ukingo wa kule, nikashindwa kumtambua. Alikuwa Abdulatifu. Katapila halikuonekana, ulionekana moshi wake tu. Nikakimbilia futi kamba ya shule. Urefu mita arobaini na tano! Upana ishirini na saba! Kina sikupima.

Nikamuuliza Mzee Mshamu nani kahamisha vigingi. Akanishangaa kuliko nilivyokuwa nikimshangaa. Akautoa mchoro kofiani, akaweka kidole kwenye PIMA 25, kisha akanyoosha mikono kama siku ile. "Ncha ya kidole huku mpaka ncha ya kidole kule, hiyo pima moja. Visima vyote vya hapa vimechimbwa hivyo tangu babu yangu. Umeandika pima, nasi tumechimba pima."

Niliketi kwenye udongo. Kwetu Manyoni pima ni amri anayopewa mtu. Kumbe huku ni kitu, na kina urefu wa mikono ya Mzee Mshamu, ambaye ni mrefu.

Halafu chini kukaanza kububujika. Maji! Ya ardhini, yenyewe! Katapila limetoka mbio, sijawahi kuona katapila likitoka mbio.

Ijumaa, 26 Juni.

Maji yamefika kifuani mwa mtu mzima. Akina mama wanafulia mikeka humo. Bwana Abdulkarimu anakuja Jumapili na viongozi wa klabu, na hajui lolote. Umeneja unaniponyoka, na Elieth nyuma yake.

Lakini akili ninayo! Kitabu kinasema mabwawa makubwa ya kimataifa yana mita hamsini. Arobaini na tano iko karibu na hamsini kuliko ishirini na tano. Nitamwambia nimempandisha daraja. Nimeazima kamba na maboya kwa wavuvi, nimetunga vibendera kwa vipande vya kanga, nimefunga njia sita na kupanga vigoda ukingoni. Maji ni ya tope kidogo. Nitasema ndiyo rangi ya kimataifa.

Jumapili, 28 Juni.

 Naandika mlango nimeufunga kwa komeo.

Walikuja wote. Bwana Abdulkarimu, viongozi wawili wenye filimbi shingoni, Abdulatifu bila kualikwa, na Elieth kwa gauni la kanisani. Nikapanda kigodani. Nikaeleza njia ya kwanza. Nikaeleza ya pili. Nikaonyesha kwa fimbo njia ya tatu, njia ya bingwa, na njia ya tatu ikawa na masikio.

Kiboko! Katoka mtoni kwa miguu yake! Akainuka taratibu, vibendera vyangu vyote shingoni, akapumua. Nilifika barabara ya Lindi kabla ya gari la Bwana Abdulkarimu.

Mzee Mshamu peke yake hakukimbia. Alibaki ameketi kwenye kigoda cha njia ya sita, anasafisha meno.

Jumanne, 30 Juni.

Tajiri hakuvunja mradi. Kasema watalii watamtazama kiboko wakiwa barazani, wakinywa soda. Meneja kateuliwa. Mzee Mshamu! Abdulatifu keshachora na bango, kiboko amevaa vibendera.

Elieth alicheka mpaka akakaa chini. Nikamuuliza kwa unyenyekevu kama bwawa linahesabika limemalizwa. Akasema limemalizwa, ila na kiboko. Iliniuma, naandika ukweli. Basi nikamfuata Bwana Abdulkarimu, nikamwomba kazi ya kuchora majengo ya gesti. Kanitazama sana. Mwishowe kakubali, kwa kuwa walimu wengine wako likizo makwao.

Elieth aliposikia akaacha kucheka. "Nyumba ikisimama nitakujibu. Ila mara hii andika mita, Wilbrod." Kaniita Wilbrod, si Mwalimu!

Jumamosi, 4 Julai.

Nimejifunza. Neno pima halitatokea tena kwenye mchoro wangu. Mita nayo hapana. Mita ndiyo iliyoanzisha fujo yote, na Elieth, pamoja na kunipenda, hajui michoro. Safari hii nimepanga kazi kwa utaratibu, nani aanze nani afuate, na nimeandika katikati ya kila chumba kwa herufi kubwa. CHOO: HATUA 1. JIKO: HATUA 2. UKUMBI WA WAGENI: HATUA 3. Hakuna wa kukosea hapo.

Mzee Mshamu kaja kuuchukua. Kauliza kama ni hatua zake au zangu. Nikamwambia ni zetu sote, kazi ni ushirikiano. Akainua mguu mmoja, akautazama, akanitazama mimi. Nadhani ni magoti.

Choo kinaanza Jumatatu. Nimemwambia Elieth aandae jibu.