Idadi Halali ya Kromosomu za Kitunguu Mwitu

Kwa furaha kubwa, Kurugenzi ya Hifadhi ya Kitunguu Mwitu inautangazia umma kwamba vurugu ndani ya mmea huo sasa basi. Mimi ndiye Mkurugenzi, kwa hiyo najua ninachosema.

Vurugu yenyewe aliileta mtafiti wetu, binti wa mdogo wangu. Aliingia mkutanoni amekumbatia hadubini.

"Baba mkubwa, vitunguu vya kilimani havifanani. Vingine vina kromosomu kumi na sita, vingine thelathini na mbili."

"Kromo nini?" akauliza Afisa Utumishi.

"Vijiuzi vya urithi, ndani ya seli."

"Thelathini na mbili? Huo ni ulafi!"

"Na kumi na sita ni ufukara," akadakia Mhasibu.

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mimi, kwa busara niliyojaliwa, nikakata shauri katikati: kitunguu halali kitakuwa na ishirini na nne. Kisicho na idadi hiyo ni gugu, king'olewe. Makofi yakapigwa.

Mtafiti machozi yakamlengalenga. "Jamani! Nimepima kilima kizima, hakuna hata kimoja chenye ishirini na nne. Na hivi ndivyo vya mwisho duniani! Hata vidole vya mkono mmoja havilingani. Tofauti hizo ndizo zitakazoviokoa ugonjwa ukija."

"Mwanangu, serikali haiendeshwi kwa vidole."

Akaikumbatia tena hadubini yake. "Kwa hiyo ni magugu. Naweza kuyachukua?"

"Beba yote, ukalishe mbuzi."

Akapanda kilimani na mama yake, wakayahamisha yote pamoja na udongo wake mpaka uani kwao. Mimi nikapeleka uamuzi wizarani, nikisubiri nishani.

Jibu likaja upesi. Wizara ilinipongeza. Halafu ikasema: kwa kuwa kitunguu halali hakipo, hakuna cha kuhifadhi, Kurugenzi imevunjwa, rudisha gari. Ala!

Nimekata rufaa. Nimefafanua kwamba idadi zote mbili ni halali, na kwamba huo ndio umekuwa msimamo wangu tangu zamani. Wizara haina neno, ila inataka kuona kitunguu kimoja kilicho hai.

Ndiyo maana asubuhi hii nimefika kwa mdogo wangu, kwa miguu. Kupitia langoni naviona vimechanua, vifupi kwa virefu. Mtafiti anamwagilia.

"Mwanangu, nakuomba kitunguu kimoja tu. Chochote!"

Akanisalimia kwa adabu zote, shikamoo kamili.

"Kitunguu gani, baba mkubwa? Hapa kuna magugu tu."

Akaendelea kumwagilia.