Mstari wa Baharini Haukatwi

Jumatatu, 4 Mei
Habari kubwa! Wimbi la mji wetu, Huanchaco, linalowaleta wapanda mawimbi wa dunia nzima, linawekewa ulinzi mpya. Wageni wa kamati ya ulinzi huo wanakuja Jumapili kumchagua Mlinzi wa Wimbi. Jina lake litachongwa kwenye jiwe, pale gatini! Sharti ni moja: aunde kwa mkono wake farasi wa matete, chombo walichotuachia wazee cha kuvulia, kwa matete ya bwawa la kwao, kisha ampande mawimbini mbele yao. Kila mtu anamtaja binamu yangu Nicanor. Nicanor! Ananuka samaki hata kanisani. Mimi nimepiga picha na watalii miaka tisa juu ya farasi, uso wangu unajulikana hadi Lima. Jiwe ni langu.

Jumanne, 5 Mei
Nimekwenda bwawani kwa mama. Marehemu baba alilichimba kwa koleo, mchangani, hatua sitini tu kutoka baharini. Ndilo pekee lililobaki nyumbani kwetu, mengine bahari imeshayala. Mama huwauzia wavuvi matete yake, ndiyo riziki yake. Nikamwomba mzigo mmoja. Akasema bado machanga, nirudi Agosti. Nikamwonyesha mstari wa upande wa baharini: marefu, mazito, yananizidi kimo. Akanitazama kama niliyetaka kuuza kaburi. Mstari wa baharini haukatwi, akasema, huo ndio unaoshika mchanga. Hata baba yako na njaa zake hakuugusa.
Mambo ya kizamani. Matete ni matete.

Jumatano, 6 Mei
Mama kaenda sokoni Trujillo. Nimekata! Mstari mzima. Mikono yote imechanika.
Matete hukaushwa wiki mbili. Nina siku tatu, na ukungu haujaondoka tangu asubuhi. Nimeyaegemeza ukutani, nayapepea kwa kofia. Nicanor kapita, akabonyeza moja kwa kidole, maji yakachuruzika. "Binamu Fermín, unaunda farasi au unapika supu?" Wivu huo.
Mama alirudi jioni, akaona. Hakunigombeza. Alichukua magunia, akaanza kuyajaza mchanga na kuyapanga pale nilipokata. Ana miaka sabini na sita. Ningemsaidia, lakini nina farasi wa kufunga.

Jumapili, 10 Mei
Sikukuu ya Akina Mama. Nilimwahidi mama jiwe liwe zawadi yake. Hakuja pwani, alikuwa kwenye magunia yake.
Nimeingia majini kwa madaha, kamati yote inatazama. Wimbi la kwanza tumelivuka. La pili farasi akazama mkia. Mbichi yule, alikuwa anakunywa maji kama mlevi wa Jumamosi! La tatu tukazama wote. Nicanor kaja na farasi wake mkavu, kanikamata kola, kanibwaga mchangani mbele ya wageni. Bibi mmoja wa kamati akauliza kama hayo yalikuwa maonyesho ya uokoaji. Nikasema ndiyo.
Mlinzi wa Wimbi: Nicanor. Wamempigia makofi, na mimi nikapiga. Nilikuwa natetemeka kwa baridi.

Jumanne, 12 Mei
Bahari imechafuka tangu jana mchana. Leo asubuhi bwawa halipo.
Magunia yamesombwa. Mchanga umejaa pomoni, ncha chache za matete zimechomoza, zimelala. Mama akapiga magoti, akafukua kwa mikono mpaka akafikia maji. Akayaonja, akatema. Chumvi. Akasema, "Leo nimemzika baba yako mara ya pili." Akafuta mikono kwenye sketi, akaenda zake.
Nimelia. Kweli nimelia, wala hapakuwa na mtu wa kuniona. Nikailaumu bahari, nikailaumu kamati. Haikusaidia.

Ijumaa, 22 Mei
Nicanor kampa mama pembe ya bwawa lake, na mizizi ya kupanda. Itachukua karibu mwaka kabla ya kukata. Mama bado hasemi nami, sahani ya samaki huisukuma tu mezani, macho dirishani. Leo nimembebea mizizi mgongoni, safari nne, nimesimama matopeni hadi kiunoni nikipanda naye. Aliponipokea mzigo wa mwisho akasema, "Haya." Neno la kwanza baada ya siku kumi! Nimeapa moyoni kwamba nimebadilika.
Nicanor anasema kamati itarudi Juni kuweka jiwe, na watamchagua Naibu Mlinzi. Sharti ni lile lile, farasi wa mkono wako.
Bwawa la Nicanor nalo lina mstari wa baharini, mbele tu ya miche ya mama. Marefu, mazito, yananizidi kimo. Hakuna anayeyagusa.
Kosa langu nimeshalijua. Safari hii nitayakausha wiki mbili kamili.